Mgema Akisifiwa na Staa, Tembo Humwagwa na Askari

Kuna video ya sekunde 45 ambayo kama una simu na bando, lazima ilikupitia. Influensa mmoja wa Nairobi, yule wa nywele za rangi ya chungwa (jina linahifadhiwa, lakini nyinyi si watoto), ameketi kwenye gogo chini ya makuti, kibuyu mkononi, mrija mdomoni. Anavuta. Anafumba macho. Anatoa ile sauti yake ambayo mashabiki wameigeuza mlio wa simu. Kisha anageuza kamera kuonyesha wazee watano nyuma yake, mmoja amelala kinywa wazi, na kusema: "Saa nne asubuhi, Kilifi, na wazee wangu washaiva. Nyinyi huko Nairobi mnahangaika na foleni ya magari kwa nini?"

Halafu akataja kijiji. Akataja njia panda. Akataja hadi mwembe unaouona kabla ya kukata kona.

Watu walibambika, hilo halina ubishi. Komenti zikajaa vicheko, za "nipelekeni" na za "hii ndiyo Kenya ninayoitaka". Uso wa yule mzee aliyelala ukageuka stika ya WhatsApp. Bila shaka hata wewe unayesoma hapa unayo, na umemtumia mtu Jumatatu asubuhi na maneno "mimi kazini".

Siku ya nne askari wakafika pale kwenye mwembe.

Hawakusema wametumwa na video. Ila wateja waliokuwepo wanasimulia kwamba mmoja wa askari aliuliza moja kwa moja, "Hapa ndipo alipokaa yule dada wa mtandaoni?" Madumu yote yakamwagwa mchangani. Vibuyu viwili vikapasuliwa kwa buti. Mama mwenye mangwe, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye majirani wanamwita Hawe ingawa wajukuu wake bado hawajaanza shule, akalala seli usiku mmoja, kesho yake akalipa faini kwa pesa zilizokuwa za karo ya muhula.

Na yule mzee wa stika? Huyo ni bawabu. Analinda ploti ya mtu karibu na ufuo, anaingia kazini machweo na kutoka alfajiri. Akitoka hupitia mangweni, hunywa kikombe kimoja, hulala kidogo kwenye kivuli kabla jua halijakuwa kali, kisha huenda shambani. Saa nne asubuhi kwake ni kama saa nne usiku kwako. Hakuwa ameiva. Alikuwa amechoka. Binti yake, anayefanya kazi ya usafi kwenye hoteli moja huko Mtwapa, aliiona stika ya baba yake kwenye kundi la wafanyakazi wenzake, imetumwa na bosi.

Influensa alipoulizwa laivu na shabiki mmoja kuhusu mangwe kuvamiwa, alijibu kwa maneno manne: "Si nimewapa kiki bure?" Kisha akaendelea kuonyesha losheni.

Hapo ndipo mambo yanapaswa kusemwa bila kupakwa mafuta.

Kwa wale ambao Pwani yao ni Diani, bwawa la kuogelea na picha za ngamia, mangwe ni mahali pa kunywea mnazi. Si baa. Hakuna kaunta, hakuna jokofu, muziki ukiwepo ni redio ya betri. Kuna makuti juu, magogo au viti vya plastiki chini, na mtu anayepima kwa chupa au kwa kibuyu. Utazikuta Kilifi na Kwale, kaunti mbili zinazoongoza kwa minazi nchini: Kaloleni, Rabai, Ribe, Chonyi, kuteremka hadi Msambweni. Ukienda vizuri utapewa mrija wenye kichujio mwishoni ili usimeze takataka. Pembeni kuna samaki wa kukaanga au mihogo na pilipili. Watu wanaongea. Wanaongea sana. Nani anauza shamba, nani anaoza, ng'ombe wa nani ameingia kwa nani, mbunge amekula nini. Kwa Wamijikenda mnazi haujawahi kuwa pombe ya kulewea tu. Posa haiendi bila mnazi. Mzee akizikwa, mnazi. Koma wakikumbukwa, mnazi unamwagwa chini kwanza, ndipo walio hai wanywe.

Misitu ya kaya, ambako wazee humwaga huo mnazi wakiomba mvua, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Msitu ni urithi. Mti wenyewe uko kwenye kila broshua ya utalii. Ila kinywaji kikishuka tu kutoka mtini kinaitwa "pombe haramu" kwenye taarifa ya habari ya saa moja.

Linganisha. Lamu kuna Petley's Inn, pale kando ya bahari, yenye jina la Mwingereza Percy Petley, na kwa miaka mingi wageni wameijua kama moja ya sehemu chache za kupata kinywaji baridi katika mji ule wa Kiislamu. Mombasa kuna Castle Royal, barabara ya Moi, hoteli ya tangu enzi za mkoloni, na mastaa hupenda kupiga picha kwenye ile baraza yake. Ni sehemu nzuri zote mbili, nendeni. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuingia pale akapiga picha ya mteja aliyesinzia kitini na kuandika "wazee wa Pwani hawana presha". Mteja wa baraza akisinzia anaitwa mgeni aliyepumzika. Wa mangweni akisinzia ni stika.

Sasa, kuna watu watasema: lakini sheria si ni sheria? Saa nne asubuhi baa haziruhusiwi kufunguliwa. Kweli. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo mtaani inaitwa sheria ya Mututho, ilifanya jambo moja kubwa ambalo wengi wamelisahau: ilifuta sheria ya zamani ya kupiga marufuku chang'aa na kuruhusu pombe za kienyeji ziuzwe, mradi kuna leseni na masharti yanafuatwa. Ikaweka na saa. Jumatatu hadi Ijumaa, baa ianze saa kumi na moja jioni, ifunge saa tano usiku. Wikendi na sikukuu, kuanzia saa nane mchana. Aliye chini ya miaka 18 asikanyage. Baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Baadaye ugatuzi ukaja na leseni zikahamia kwa kaunti.

Yote yanasikika vizuri, ila saa hizo ziliandikwa na mtu aliyekuwa anafikiria kreti ya bia. Bia inakaa. Hata ukiifungia stoo mwezi mzima, siku ukiifungua ni ileile. Mnazi hausubiri. Utomvu ukianza kudondoka kwenye kibuyu juu ya mti, tayari umeanza kuchacha wenyewe, hauhitaji hamira ya duka. Ulioshushwa alfajiri ni mtamu, karibu kama soda, unaweza kunywa na ukaenda kulima. Mchana unaanza kuuma ulimi. Jioni ni mkali. Ukilala siku moja au mbili unaelekea kuwa siki, na kweli kuna watu wanautumia kama siki kwenye samaki. Kwa hiyo mama wa mangwe anayefuata sheria neno kwa neno anatakiwa achukue mnazi wa alfajiri, aukalie zaidi ya saa kumi, kisha auze ukiwa umefika kiwango cha kuangusha mtu. Sheria inayotaka watu wasilewe inawaambia wasubiri kinywaji kikomae. Ndiyo, upo mnazi unaoshushwa jioni. Lakini ule wa asubuhi uende wapi? Mgema hawezi kuuambia mti usubiri saa kumi na moja.

Ndiyo maana watu wa kule wanaishi kwa kunyamaziana. Chifu anajua. Mwalimu anajua. Padri anapita anasalimia. Askari wa kituo cha karibu anajua, na siku nyingine naye amevua kofia ameketi. Si mpango mzuri, na hongo hujificha humohumo, hilo lisifichwe. Lakini ndio mpango uliopo, na unasimama juu ya kitu kimoja tu, kimya. Staa anapokuja na kutangaza mahali, saa na sura za watu mbele ya mamilioni, anavunja kimya ambacho si chake. Mkubwa fulani aliye Nairobi au Mombasa akiiona, anapiga simu. Yule askari aliyekuwa anavua kofia sasa lazima aivae.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Enzi hizo hatari ya sifa ilikuwa kwamba mgema atavimba kichwa na kuharibu kazi. Siku hizi mgema akisifiwa hata hapati nafasi ya kuvimba kichwa, tembo lishamwagwa.

Na tukiwa kwa mgema, hebu asemwe, maana kwenye ile video hayupo kabisa. Watu wanaona kibuyu wanadhani kimejaza chenyewe. Mnazi mrefu wa Pwani unapita mita 20. Mgema anaupanda kwa vipandio alivyovichonga kwenye shina, hana kamba ya usalama wala kofia ngumu, ana kotama kiunoni na kibuyu mgongoni. Anafika juu, anakata kidogo ncha ya karara ili utomvu uendelee kutoka, anamimina, anafunga, anashuka. Kisha mti unaofuata. Asubuhi na jioni, kila siku, hata Krismasi, kwa sababu karara isipokatwa hukauka na kazi yote inaanza upya. Mvua ikinyesha shina huteleza. Kila kijiji kina kaburi la mgema aliyeanguka, na kila kijiji kina mmoja aliyeanguka akabaki hai, anatembea kwa mkongojo. Mara nyingi hata miti si yake, anagawana na mwenye shamba. Na mti unaogemwa haukupi nazi kwenye lile karara, kwa hiyo mwenye shamba naye ana hesabu zake.

Siku ile madumu yalipomwagwa, kazi ya wagema watatu iliishia mchangani. Mama alikuwa hajawalipa bado, huwa anawalipa jioni baada ya kuuza. Hawakulipwa. Nani anamdai nani hapo? Influensa alipewa kibuyu bure kwa heshima ya ugeni, akanywa, akaondoka. Hakuacha hata shilingi. Wanaosema "amewatangaza" wajiulize kama yeye huwa anakubali kutangaza losheni bila kulipwa.

Lakini asionewe peke yake, maana yuko mwingine ambaye kosa lake linauma zaidi, kwa kuwa yeye ni wa nyumbani.

Msanii mmoja wa Mombasa, anayevuma sana mwaka huu, aliulizwa redioni kama amewahi kunywa mnazi. Akacheka kama aliyeulizwa kama amewahi kula udongo. "Hiyo ni pombe ya washamba, mimi ni mtoto wa mjini." Mtangazaji akacheka, wasikilizaji wakacheka. Kule kijijini kwao, bara ya Mtwapa, hakuna aliyecheka. Wanamjua baba yake. Wanajua miti aliyokuwa anapanda. Wanajua sare ya shule ya sekondari ya yule mtoto wa mjini ilinunuliwa na dumu ngapi. Pwani nzima imejaa walimu, manesi, mawakili na mabaharia waliosomeshwa na mnazi, wengine wamefika mbali hawataki ijulikane. Kuona aibu ni haki ya mtu, kila mtu ana mambo ya kwao ambayo hapendi yatajwe. Tatizo ni kilichofuata. Miezi miwili baadaye akatoa video ya wimbo, nyuma yake wasichana kumi wamevaa hando na kila mmoja ana kibuyu. "Utamaduni wangu," akaandika chini yake. Kibuyu chenyewe alikishika shingoni, mdomo ukiangalia chini, kama maiki. Kama kingekuwa na kitu ndani, kingemwagikia viatu vyake vyeupe.

Kwa hiyo mnazi ni ushamba redioni na utamaduni kwenye video. Na ni "ladha halisi ya Pwani" kwenye hoteli moja ya ufukweni ambayo inaumimina kwenye glasi ndefu yenye mwavuli mdogo wa karatasi, na kuuza glasi hiyo moja kwa pesa ambazo mangweni zinanywesha meza nzima na chenji inabaki. Makuti ya paa ni yaleyale. Mnazi umetoka Kaloleni uleule. Saa za kuuza? Hapo hakuna anayeangalia saa. Mastaa wanapotembelea hoteli kama hizo wanalipwa kuposti, wanaomba ruhusa kabla ya kupiga picha za wageni wengine, na menejimenti huwapa masharti wakayafuata kwa adabu. Wanajua adabu, kumbe. Wanaiacha langoni tu wanapokwenda kwa watu wasio na mwanasheria.

Tukubaliane jambo moja ili mashabiki wa "let us enjoy" na wale wa makanisani wasitoane macho: mangwe si peponi. Ziko zinazouzia watoto, au zinazopokea mtoto aliyetumwa na baba na dumu, ambayo ni hadithi ileile. Wako wavulana walioacha shule wakashika kotama kwa sababu pesa ya leo ni tamu kuliko cheti cha miaka minne. Wako wanaume ambao mke akiwaona wamechukua njia ya mangweni siku ya mshahara anajua chakula ni dua. Wako pia wauzaji wanaochanganya vitu visivyofaa ili mnazi uonekane mwingi au mkali. Wanawake wa vijiji hivyo wana haki kabisa ya kukasirika, na wakidai mangwe fulani ifungwe kwa sababu iko karibu na shule, wasikilizwe kabla ya mtalii yeyote. Hasira yao inatoka kwa mtu anayejua jina la mlevi, jina la mkewe na darasa la mwanawe.

Video ya sekunde 45 haina hasira hiyo. Haina pia mapenzi. Inachukua uso wa bawabu aliyechoka na kuufanya mzaha, kisha inaleta askari, halafu inahamia losheni.

Yuko staa mwingine ambaye anaweza kutajwa kwa mema, na kwa kuwa hataki kutajwa, jina lake pia linabaki kabatini. Mchekeshaji, mzaliwa wa Pwani, kwenye televisheni ni kelele tupu. Anaporudi nyumbani huenda mangwe moja upande wa Rabai. Anafika kwa bodaboda, gari analiacha mjini. Anasalimia wazee mmoja mmoja, kwa mikono miwili, na hilo peke yake huchukua dakika kumi kwa sababu kila salamu ina maswali yake. Analipa wa kwake na wa wengine, analipa kabla ya kunywa. Mara moja kijana mmoja alitoa simu kumrekodi. Akamwambia, "Kaka, hapa mimi ni mtoto wa mzee fulani tu, niache nipumzike." Simu ikarudi mfukoni. Hakuna hata picha moja ya hayo yote mtandaoni. Yanajulikana kwa sababu wazee wenyewe wanayasimulia, na wanayasimulia kwa fahari, kama vile ni wao waliomfanyia yeye ukarimu. Pengine ni kweli.

Kwa wanaotaka kwenda Desemba hii, na wengi mtaenda, hakuna anayewafukuza. Pesa za wageni zinahitajika kule kuliko zinavyohitajika kwenye hoteli ya mwavuli wa karatasi. Tafuteni mwenyeji awapeleke, si ramani ya simu. Nenda asubuhi kama unataka utamu, na kama unataka kufuata sheria nenda jioni, ila jihadhari na magoti yako. Kwa desturi anayekukaribisha huonja kwanza ndipo akupe, kukuonyesha kwamba kilichomo ni salama, kwa hiyo usimharakishe na usidhani anakuibia. Ukipewa kibuyu bure, kunywa, shukuru, kisha nunua cha pili na cha jirani yako. Bodaboda akulete na bodaboda akurudishe, usithubutu kuendesha. Picha ya kibuyu piga ukitaka, ya mti piga, ya miguu yako mchangani piga mia. Uso wa mtu, uliza. Akikataa, amekataa. Jina la kijiji liache kijijini.

Na hilo la "uliza" lisigeuzwe kuwa ile ya kumwonyesha mzee kamera, kusema "poa babu?" na kuchukua tabasamu lake kama ruhusa. Mwambie itaenda wapi. Mwambie watu wangapi wataiona. Mweleze stika ni nini. Ukiona maelezo yanakuwa marefu na wewe mwenyewe unaanza kuona haya, basi jibu unalo.

Kuhusu yule dada wa nywele za chungwa, kuna waliomtetea kwamba hakujua. Yawezekana. Msichana aliyelelewa mjini atajuaje saa za leseni za pombe vijijini? Lakini kutojua kuliisha siku ile shabiki alipomwambia laivu, mbele ya watu elfu kadhaa. Tangu hapo anajua. Faini ya yule mama ni pesa ambayo yeye hutumia kwa kope za bandia na kucha, na kuna vijana wa Kilifi waliomwandikia wakamtumia hadi namba ya kutuma pesa. Meseji zimesomwa, tiki mbili za buluu zipo. Wale vijana mwishowe walichanga wenyewe, mia mia, hamsini hamsini, wakafikisha kiasi cha kununua madumu mapya na kulipa wagema wawili kati ya watatu.

Mangwe imefunguliwa tena. Imesogezwa nyuma zaidi, mbali na mwembe, na Hawe ameweka ungo kando ya mlango: mgeni akiingia na simu, simu inalala ungoni mpaka atakapotoka. Bawabu haji tena. Anasema akitaka kusinzia atasinzia kwake.

Video bado ipo, haijafutwa. Komenti yenye laiki nyingi zaidi ni ya wiki iliyopita, kutoka kwa jamaa mwenye picha ya gari kwenye profaili: "Lokesheni pliiz, tunakuja na kikosi kizima."